Mvumo, Mtando na Manane

Jioni moja nilitaka kumwandikia rafiki yangu ujumbe wa mstari mmoja: kuna kazi ya muziki nimeipata, itafute, uisikilize usiku. Nikaandika "Ndugu yangu", nikakwama. Muziki wenyewe hauna ngoma, hauna mwimbaji, hauna kiitikio. Ni sauti nene inayosimama hewani karibu saa nzima, kama moshi wa kuni mbichi katika jiko lisilo na dirisha. Kila neno nililolishika lilinigeuka. Ujumbe wa mstari mmoja ukawa kazi ya istilahi, na kazi hiyo naileta kwako, msomaji, maana lugha ina walinzi wengi na mlinzi wa peke yake husinzia.

Kipimo changu ni kimoja. Kiswahili hupenda kukiita kitu kwa kazi yake: ufagio hufagia, kifuniko hufunika, mtandao hutandaa. Neno "mtandao" limekubalika sokoni na ofisini kwa sababu lilizaliwa na kitenzi ambacho kila aliyewahi kutandaza mkeka anakijua. "Tarakilishi" liliungwa kwa gundi mezani, na watu wanaendelea kusema kompyuta. Basi kabla sijauliza Waingereza huiitaje sauti hii, nauliza inafanya nini.

Tuanze na tendo la ujumbe wenyewe. "Kupendekeza" ni neno zuri, ndani yake mna kupenda. Lakini limeshachukuliwa na vikao: mjumbe hupendekeza, mwenzake huunga mkono, katibu huandika. Siku hizi hata simu inakupendekezea nyimbo, na simu haijapata kupenda kitu. "Kusifia" kuna harufu ya biashara. Mimi nachukua "kuonjesha". Mpishi hukudondoshea mchuzi kiganjani, ananyamaza, anakutazama usoni. Hakwambii una ladha gani. Anayemwonjesha mwenzake muziki naye afanye hivyo hivyo: dakika 5 za mwanzo, kisha aziache zijisemee.

Tunaonjeshana nini? Vijana wetu husema msanii "ameachia ngoma mpya". "Kuachia" nalipokea kwa mikono miwili. Ni kufungua kiganja kitu kiende zake. Kuna "kutoa toleo", ila toleo ni la gazeti, lina namba na tarehe na kesho yake linafungiwa maandazi. Kuna "kudondosha", ambalo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Kuna "kufyatua", linalofaa mtego na risasi. Sauti inayoingia polepole hata usijue ilianza lini, hiyo haifyatuliwi. Huachiwa.

"Ngoma" ndiyo inayonipa tabu. Ngoma ni chombo, ni mchezo, ni sherehe, na sasa ni kila kinachopigwa redioni. Kukiita ngoma kitu kisicho na pigo hata moja ni kumwalika mtu harusini akakuta matanga. "Wimbo" nao unamdai mwimbaji. "Kibao" kinadai kuchezeka. "Kipande" kinasema kweli, ila ni kidogo mno. Albamu ya Peel, aliyoiachia Mkenya Joseph Kamaru, maarufu kama KMRU, mwaka 2020, inafungwa na kazi moja yenye zaidi ya dakika 20. Hicho si kipande, hilo ni pande. Tunasema pande la mtu, pande la nyama, basi tuseme pande la muziki.

Jina Peel lenyewe ni tendo. Chungwa humenywa, mti huambuliwa gome, na msikilizaji huambua sauti tabaka baada ya tabaka: nje mna upepo, chini yake mna kitu kama watu wanaozungumza mbali, chini yake tena mna chuma kinachoimba. Kwa muziki huu "kuambua" kunafaa kuliko "kumenya". Kumenya ni kwa anayetaka kula tunda, hali ya kuwa anayeambua gome mara nyingi analitaka gome lenyewe.

Waandishi wa burudani hupenda "miondoko": miondoko ya rumba, miondoko ya mchiriku. Neno limetoka kwenye kuondoka, namna mtu anavyoinuka na kwenda. Muziki ninaousema hauondoki. Umekaa kitako. Kwa aina yake nitasema "mkondo", kwa kuwa mkondo wa maji huweza kuonekana umetulia juu huku chini unakwenda.

Sasa nafika kwenye maneno matatu yaliyonikwamisha hasa.

La kwanza, Waingereza huliita drone. Kwao ni nyuki dume, na pia ni mlio mzito usiokatika. Tungeweza kuandika "droni" tukalala, lakini jina hilo limeshapata mwenyewe. Tangu mwaka 2016 droni zinapeleka damu hospitalini Rwanda, na Tanzania wapo wanaoziita ndege nyuki, jina linalomrudisha mdudu nyumbani kwake. Ukimwambia mtu "sikiliza droni hii", atatazama juu.

Sauti hii inafanya nini? Inavuma. Upepo huvuma, bahari huvuma, nyuki huvuma, jina la mtu huvuma. Katika ukoo huo kuna "uvumi", habari isiyo na mwenyewe, na kuna "kivumishi" cha darasani. Nomino tunayo tayari kamusini: mvumo. Ukisikia mvumo wa upepo huulizi ni nani anayepiga, na ndivyo muziki huu ulivyo. Mpigaji amejificha nyuma ya sauti yake.

Jirani zake niliwapima, nikawarudisha makwao kwa heshima. "Ngurumo" ni ya radi na simba, ina hasira na ina mwisho. "Mrindimo" una mapigo ndani. "Mlio" ni wa kila kitu, kwa hiyo hautofautishi kitu. "Muungurumo" ni wa injini na wa tumbo lenye njaa, nao nimewahifadhia bendi ya Kimarekani ya Earth, ambayo katika albamu yake ya mwaka 1993, Earth 2, magitaa ya umeme huunguruma kama lori lililoegeshwa kilimani bila kuzimwa. Lakini kwa mkondo mzima, mvumo unatosha.

Wala tusidhani mvumo umeshuka jana bandarini. Pate walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu, Lamu walikuwa na siwa ya shaba, na siwa ilipopulizwa haikuimba wimbo. Ilitoa sauti nene, mji ukajua kwamba kuna jambo.

Wahenga walionya kuwa ngoma ivumayo haidumu. Hapa methali inapinduka. Mwaka 1960 Mmarekani La Monte Young aliandika muziki wa nota mbili tu, na agizo kwamba zishikiliwe kwa muda mrefu. Zinavuma, na zinadumu. Sikio langu husikia "kuvuma" ndani ya "kuvumilia", na hata kama maneno hayo ni majirani tu na si ndugu, ujirani wao unaniridhisha. Mvumo humtaka mvumilivu.

Lakini upo mvumo mwingine, unaokaa chini ya muziki wa mwenzake. Tanpura ya India hushikilia sauti chini ili mwimbaji apite juu, na zumari la mfuko la Waskoti hufanya hivyo hivyo. Huo una kazi nyingine, unastahili jina lingine. Wafumaji wana "mtande", nyuzi ndefu zinazovutwa kwanza, na "mshindio", uzi unaopita kati yake kwenda na kurudi. Sauti ya tanpura ni mtande, wimbo ni mshindio. Alichofanya La Monte Young ni kuuvuta mtande, kisha akakataa kuleta mshindio. Watu wakakaa kuutazama mtande mtupu, wakaona una mapambo yake.

Neno la pili ni ambient. Mwingereza Brian Eno alilibandika kwenye jalada la santuri yake ya mwaka 1978, Ambient 1: Music for Airports, likawa jina la mkondo. Tafsiri ya haraka ni "muziki wa mazingira", na kwa shina haina kosa: Kilatini kilichozaa neno hilo kinasema kuzunguka, na mazingira yametoka kwenye kuzingira. Ila "mazingira" yameajiriwa serikalini. Yana sheria, yana maofisa, yana siku yake duniani kila tarehe 5 Juni. Tangaza tamasha la muziki wa mazingira, watu watakuja na miche ya mikorosho.

"Muziki wa angahewa" ni safi, lakini unanukia utabiri wa mvua. "Muziki wa usuli" unaufanya mtumwa wa kitu kingine, wakati Eno alitaka uweze kusikilizwa au kupuuzwa, kwa hiari ya msikilizaji. "Muziki tulivu" ungefaa baadhi ya kazi zake, lakini mkondo huu una watoto wasio watulivu hata kidogo, na jina la ukoo linapaswa kuwafaa wote.

Narudi kwenye swali langu. Unafanya nini? Unatanda. Wingu hutanda, ukungu hutanda, huzuni hutanda usoni, giza hutanda. Kinachotanda hakikujii kwa upande mmoja. Ukija kukiona, umeshakuwa ndani yake. Naleta "mtando". Tunao "utando" wa buibui na ule unaoganda juu ya maziwa yaliyopoa, nao ni ngozi nyembamba. Mtando uwe mpana kuliko huo. Umbo lake ni pacha wa mvumo: m- mbele, -o nyuma, kitenzi katikati, kama mchezo na mwendo. Na pacha hawa wanasaidiana, kwa maana mvumo hupimwa kwa urefu, mtando kwa upana.

Neno la tatu ni weusi wenyewe, maana Waingereza huongeza dark mbele ya ambient wakimaanisha mtoto yule asiye mtulivu. Hapa pana mashimo mawili. La kwanza ni "muziki mweusi". Msomaji ameshaliona: huo ni muziki wa watu weusi, kutoka bluzi hadi benga, nyumba nyingine kabisa. La pili ni "muziki wa giza". Mhubiri wa kituo cha basi atauweka moja kwa moja kwenye nguvu za giza, na pengine wasanii wenyewe watafurahi. Lustmord, mzaliwa wa Wales na mmoja wa waasisi wa mkondo huu, albamu yake ya mwaka 1990 aliiita Heresy, yaani uzushi, na sauti zake alizikusanya mapangoni na kwenye vyumba vya maziko chini ya makanisa. Kuhusu uzushi sina la kusema. Anayetunga istilahi naye hushtakiwa kosa hilo hilo.

Giza lisihukumiwe lote kwa pamoja, kwa kuwa Kiswahili kina ngazi za giza. "Utusitusi" ni ile saa ambayo humtambui mtu mpaka akusalimie. "Giza" ni giza, na "kiza" ni lile lile kwa mdomo wa pwani. "Totoro" ndiyo ngazi ya mwisho, huoni hata kidole chako. Ngazi hizi zinatupa upambanuzi ambao neno moja la Kiingereza haliutoi. All Life Long ya Mmarekani Kali Malone, ya mwaka 2024, yenye kwaya, matarumbeta na kinanda kikubwa cha kanisani, ni mtando wa utusitusi: jua limezama, kengele haijalia. Dark Matter ya Lustmord, ya mwaka 2016, iliyoundwa kwa sauti kutoka hazina za watafiti wa anga za juu, ni mtando wa giza totoro. Huko hakuna hata mbu.

Nimwonye mwenzangu anayeokota majina njiani. Mwaka 2020 vijana wawili wa Nairobi waliachia albamu iitwayo Duma, jina la kundi lao, kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili ataona mnyama ashindaye wote kwa mbio. Wao walimaanisha giza, kwa Gĩkũyũ. Bahati nzuri kelele zao zina vyote viwili, giza na mbio, kwa hiyo jina limesomeka sawasawa pande zote za mpaka. Bahati hiyo haiji kila siku. Neno likivuka kutoka lugha hadi lugha, lifungulie begi ulikague.

Istilahi nzuri huhitaji jina la kitabuni na jina la barazani. La kitabuni ninalo: mtando wa giza. La barazani nimelipata kwenye saa. Usiku wa manane, ambao sikio langu husikia saa nane ndani yake, ni wakati jenereta za jirani zimezimwa na jogoo hajawaza kuwika. "Muziki wa manane" hautishi wala hauhubiri. Unataja tu saa ya kuusikiliza, kama chai ya asubuhi inavyotaja yake.

Kuna neno dogo ambalo bila hilo mkondo huu hauelezeki. Mwaka 1988 Mmarekani Pauline Oliveros na wenzake walishuka na vyombo vyao kwenye hifadhi tupu ya maji chini ya ardhi katika jimbo la Washington, ambamo sauti moja huchukua sekunde 45 kuisha. Hifadhi hiyo watu wa pwani wangeiita birika, kama birika la msikitini, ingawa bara neno hilo limebaki na chai. Sauti ile je? "Mwangwi" haufai. Mwangwi hujibu: unaita, unanyamaza, nao unakuita. Mle birikani sauti haikujibu, ilibaki. Naleta "salio". Kila mwenye simu anajua salio ni kilichobaki baada ya matumizi. Salio la sauti, sekunde 45. Na kile kifaa kinachochelewesha sauti kisha kuirudisha, tukiite "kikawizi", maana hukawiza.

Kazi ile Oliveros aliiita Deep Listening, jina ambalo baadaye likawa la mafundisho yake yote. Mwenye haraka atasema "usikivu wa kina", na hatakuwa amekosea. Lakini tazama tulicho nacho. "Kusikia" kwetu si kwa sikio tu: tunasikia njaa, baridi, harufu, maumivu. Anayesimama mbele ya spika za bendi ya mvumo ya Sunn O))) na mbavu zikatikisika, amesikia kwa maana zote. "Kusikiliza" ni kusikia kwa makusudi. Halafu kuna "kusikilizia". Aliyekunywa dawa husikilizia. Mwenye jino bovu husikilizia. Ni kutega hisi kwa kitu kinachobadilika polepole ndani yako, nawe huwezi kukiharakisha. Hilo ndilo neno.

La mwisho nilitoe kwa KMRU tena. Kazi yake ya mwaka 2022, Temporary Stored, inajibu sauti zilizorekodiwa Afrika ya Kati na kuwekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mjukuu wa Joseph Kamaru mwimbaji, aliyerithi jina la babu yake, ana haki ya kuuliza sauti za wazee zimelazwa wapi. Ghala kama hilo tuliite nini? "Nyaraka" ni karatasi. "Hifadhi" ina twiga. Lakini jina la albamu linasema zimewekwa kwa muda, na kwa hilo tuna "amana": kitu kilichoachwa kwa mtu akitunze, naye anajua kitarudi. Neno moja limebeba kuweka, muda na deni. Anayeiita amana kitu kilichochukuliwa bila ruhusa anamkumbusha aliyekishika kwamba mwenyewe yu hai.

Hatimaye ujumbe wangu ukaandikika. "Ndugu yangu, nakuonjesha Natur ya KMRU, aliyoiachia mwaka 2024. Ni pande moja refu la mvumo, mtando wa giza wenye sauti za sumakuumeme ambazo sikio tupu halizipati. Zima taa, ngoja manane, usikilizie mpaka salio la mwisho."

Kesho yake akajibu kwamba amelala saa kumi kwa ajili yangu, na akauliza mtando ndiyo nini. Mvumo hakuuliza.

Basi hukumu yangu ni hiyo: mvumo umepita, mtando bado uko kizimbani. Kama kwenu Pemba, Siu au Bukavu kuna neno linaloushinda, usilifungie kabatini, liachie.